Wakituita kutoka nyota nyingine, nani ana haki ya kuitika?

Mtazamanyota (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila mara habari za viumbe wa sayari nyingine zinapoletwa jukwaani, mjadala unakwama palepale: wapo au hawapo? Wanaoamini wanavutana na wasioamini, kurasa zinajaa, watu wanachoka na kuondoka. Leo naomba tulivuke swali hilo. Tuchukulie kwamba ishara imenaswa, imepimwa, imepimwa tena, na imethibitika kuwa haikutoka kwetu. Kesho yake tunafanya nini? Nani anafungua mdomo, na kwa niaba ya nani?

Msimamo wangu nautanguliza ili mnipinge vizuri. Tusijibu kwa haraka. Tusifiche hata nukta moja ya tulichopokea. Na jibu, likija kutolewa, lisiwe la mwenye dishi peke yake. Uzi ni mrefu, nawaomba uvumilivu.

Tuanze na jinsi jambo lenyewe linavyoweza kutokea, maana wengi wetu tunawaza chombo kinatua mbele ya kamera. Kinachotarajiwa zaidi ni kitu kidogo mno: mstari mwembamba kwenye data za darubini ya redio, na mtu mmoja anayeukodolea macho usiku akijiuliza kama mtambo umeharibika. Utafutaji huu ulianza 1960, pale mwanaastronomia Frank Drake alipoelekeza dishi la Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili za jirani, Tau Ceti na Epsilon Eridani. Alisikiliza karibu na megahezi 1420, masafa ambayo hidrojeni huyatoa yenyewe popote ilipo. Hidrojeni ndiyo elementi iliyo nyingi kuliko zote ulimwenguni, kwa hiyo kiumbe yeyote aliyegundua redio anatazamiwa kuyajua masafa hayo. Drake hakupata kitu, lakini njia ikawa imefunguliwa.

Miaka saba baadaye, 1967, Jocelyn Bell, mwanafunzi wa uzamivu huko Cambridge, aliona midundo inayojirudia kila baada ya sekunde 1.3 hivi, kwa usahihi uliowashtua yeye na msimamizi wake. Chanzo hicho wakakibandika jina LGM-1, herufi zinazosimama kwa "vijitu vidogo vya kijani". Jina lilikuwa la mzaha, ila swali lililozuka chumbani halikuwa la mzaha hata kidogo: kama kweli ni viumbe, tunamwambia nani kwanza? Hapakuwa na utaratibu wowote duniani. Kisha Bell akapata chanzo cha pili cha namna hiyo upande mwingine kabisa wa anga, wakapumua, maana si rahisi viumbe wa pande mbili waite kwa namna moja. Ilikuwa pulsa, mabaki ya nyota iliyokufa yanayozunguka kwa kasi. Matangazo yalitoka Februari 1968. Kwa wiki kadhaa, basi, watu wachache walikaa na swali ambalo lingeweza kuwa la binadamu wote, na hakuna mwingine aliyejua.

Nyakati hizo siri ilikaa. Sasa haikai. Aprili na Mei 2019 darubini ya Parkes, Australia, ilinasa ishara nyembamba ya takriban megahezi 982 ikionekana kutoka upande wa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiliondoa Jua. Watafiti walikuja kuiona baadaye walipokuwa wakichambua data, wakaiita BLC1. Wakiwa bado wanaichunguza, Desemba 2020 habari zikavuja na kuchapwa gazetini Uingereza. Jibu la watafiti lilitoka Oktoba 2021: ni mwingiliano wa mitambo yetu sisi wenyewe. Piga hesabu, ni miezi kumi ambayo dunia nzima ilikuwa na swali bila jibu. Safari ile haikuwa na madhara kwa sababu ishara ilikuwa dhaifu na watafiti walikuwa waangalifu wa maneno. Je, ingekuwa na nguvu? Ingekuwa inajirudia kila usiku?

Ndiyo maana nasema kipindi kitakachotutia majaribuni si siku ya uthibitisho, ni ile miezi ya katikati. Kila mwenye lake atajaza pengo hilo: wa kutisha watu, wa kuuza vitu, wa kujitangaza mteule, na serikali itakayodhani inaweza kuwahi kabla ya wenzake.

Kanuni zipo, msije mkadhani hakuna kabisa. Mwaka 1989 Akademia ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga, IAA, ilipitisha azimio kuhusu nini kifanyike ishara ikigunduliwa, na likafanyiwa marekebisho 2010. Linasema: thibitisha kwanza kwa kushirikisha vituo vingine, kisha tangaza wazi kwa umma, hifadhi data zote, yalindwe masafa ambayo ishara imepitia, na asijibu mtu kabla ya mashauriano ya kimataifa kupitia chombo kama Umoja wa Mataifa. Mimi nalipenda. Kasoro yake ni kwamba ni ahadi ya hiari ya watafiti. Halina mahakama nyuma yake, halina adhabu. Na linawagusa wanaosikiliza tu. Anayetaka kutuma ujumbe kesho asubuhi hakuna mkataba wa kimataifa unaomkataza.

Na wamekuwa wakituma. Tarehe 16 Novemba 1974, darubini ya Arecibo, Puerto Rico, ilirusha ujumbe wa nukta 1,679 kuelekea kundi la nyota M13, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 25,000, yaani mwanga, na redio vilevile, husafiri miaka hiyo yote kufika. Ulichukua chini ya dakika tatu. Waliouandaa ni wachache, na walioombwa ruhusa kwa niaba ya binadamu ni sifuri. Martin Ryle, mwanaastronomia mkuu wa kifalme wa Uingereza, alilalamika kwamba ni hatari kujitangaza mahali tusipopajua. Mwaka 2008 lilirushwa tangazo la biashara la vitafunio kuelekea mfumo wa nyota wa 47 Ursae Majoris. Tangazo la biashara, wakuu! Na 2017, kutoka Tromsø, Norway, ukatumwa ujumbe wa muziki na hesabu kwenda nyota ya Luyten, umbali wa miaka ya nuru 12 na kitu.

Sisemi waliofanya hivyo walikuwa na nia mbaya. Wengi wao naamini walisukumwa na upendo wa elimu. Lakini ukisema "sisi" kwa jina la watu bilioni nane, inapasa mmoja wao awe amekuambia useme.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panaponiuma. Mwaka 1977 vyombo viwili vya Voyager viliondoka duniani vikiwa na sahani ya dhahabu yenye salamu za lugha 55, iliyoandaliwa na kamati ndogo chini ya mwanaastronomia Carl Sagan kwa muda usiofika mwaka. Ni kazi nzuri, mimi nikiisikiliza husisimka. Imo sauti ya ngoma za Senegali, umo wimbo wa wasichana wa msitu wa Ituri, zimo salamu za Kiganda, Kinyanja, Kisotho, hata Kisumeri ambacho hakina msemaji hai kwa maelfu ya miaka. Kiswahili hakimo. Simlaumu mtu kwa hilo, walikuwa wanakimbizana na tarehe ya kuruka. Ila tazama kinachotokea mambo ya wote yakifanywa na wachache kwa haraka: hata wakiwa na nia njema, watu wanaachwa nje, na chombo kikisharuka hakirudi kuongezewa salamu.

Tena sahani hiyo imebeba sauti ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa wakati huo, Kurt Waldheim, akisalimia kwa jina la watu wa dunia. Mwaka 1986 ilibainika kwamba alikuwa ameficha sehemu ya utumishi wake katika jeshi la Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Sauti yake inaendelea kwenda, imekwishavuka mpaka wa upepo wa Jua. Hakuna namna ya kuifuta.

Kwa hiyo nauliza: haraka ya nini? Proxima yenyewe iko miaka ya nuru 4.2. Ukiitika leo, jibu la jibu lako haliji kabla ya miaka minane na nusu. Nyota ikiwa umbali wa miaka ya nuru 100, anayeuliza na anayejibiwa si watu walewale, ni wajukuu wa wajukuu. Umbali huo ambao wengi wanauona kizuizi, mimi nauona ni nafasi. Hakuna anayetusubiri mlangoni. Miaka mitano ya kukaa kitako na kusikilizana haitapoteza kitu katika mazungumzo ya karne.

Karibuni. Nipingeni.

Nahodha

Mkuu, umeandika vizuri, ila maji yakishamwagika hayazoleki. Tumekuwa tukirusha redio na televisheni kwa karibu miaka mia. Rada za kijeshi, rada za viwanja vya ndege, mitambo ya kupima vimondo. Aliye jirani na ana sikio zuri ameshatujua. Unazuia nini sasa?

Mtazamanyota

Nahodha, hoja yako ina uzito, na wanaounga mkono kutuma ujumbe wanaisema hivyohivyo. Lakini kuna kuvuja na kuna kuita. Matangazo ya televisheni husambaa pande zote na kudhoofika haraka. Ukiwa mbali miaka michache tu ya nuru unahitaji sikio kubwa kuliko lolote tulilonalo sisi ili uyatenganishe na kelele za anga. Rada zenye nguvu zinafika mbali, hilo nakubali, lakini zinapita upande huu na ule, hazirudii palepale, na hazina maneno. Ujumbe uliolengwa ni kitu kingine. Unakusanya nguvu zote kwenye mwale mwembamba, unaielekea nyota moja, unasema: tupo hapa, tunazungumza nawe.

Zaidi ya hapo, mimi sijengi hoja yangu juu ya kujificha. Hata kama wanatujua tayari, swali la nani aseme kwa niaba yetu liko palepale. Jirani kujua kwamba nyumba ina watu si ruhusa kwa mtoto mmoja kutoka na kumwahidi chochote.

Bint Hekima

Nashukuru kwa uzi. Mimi nina maoni tofauti kidogo. Naona hofu hii yote tunaichota kwenye historia yetu. Mwanafizikia Stephen Hawking alionya mwaka 2010 akitoa mfano wa Columbus na wenyeji wa Amerika, na kila mtu anaurudia mfano huo. Lakini Columbus alikuja na merikebu, silaha na maradhi. Mawimbi ya redio hayana ndui. Tunawavisha wao sura yetu halafu tunaikimbia.

Mtazamanyota

Dada, hapo tuko pamoja kuliko unavyodhani. Mfano wa Columbus unasaidia mahali pamoja tu, nao si pale unapotumiwa na wengi. Wenyeji wale hawakuwa mmoja. Walikuwa mataifa mengi, na wageni waliwatumia hawa dhidi ya wale. Cortés, kamanda wa Hispania, hakuiangusha Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1521 kwa askari wake wa Hispania peke yao. Alikuwa na maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala, mahasimu wa Waazteki. Mgeni hahitaji hata kuwa na nia mbaya. Inatosha kila upande wetu umwone kama ngazi ya kumpita mwenzake.

Ndiyo maana hofu yangu kubwa ni habari kushikwa na mmoja. Chukua ujumbe mrefu wenye elimu ya kweli ndani yake, fizikia tusiyoijua, kisha uweke mikononi mwa dola moja. Hakuna kiumbe wa kigeni aliyefyatua risasi, lakini dunia imekwishapinduka.

Ila kuna jambo linalonipa moyo. Dunia inazunguka. Dishi lolote linaiona nyota kwa saa kadhaa, kisha nyota inazama. Ukitaka kuifuatilia ishara mchana na usiku unahitaji wenzako wa upande mwingine: Parkes ikizamiwa, MeerKAT ya Afrika Kusini ichukue, kisha Green Bank, kisha FAST ya China yenye kipenyo cha mita 500. Hata uthibitisho wenyewe unadai kituo cha pili kisichohusiana na cha kwanza. Mwaka 1997 huko Green Bank walifuatilia ishara kwa saa nyingi wakidhani pengine ndiyo yenyewe. Kituo cha pili ambacho kingewasaidia kilikuwa kimeharibika, na mwandishi wa gazeti alikuwa ameshapiga simu kuuliza. Kumbe ilikuwa setilaiti yetu ya kuchunguza Jua, SOHO. Maumbile yenyewe yanatulazimisha kuitana. Ushirikiano huo uandikwe leo, vituo viwe vingi katika kila bara, na data ghafi ziwe wazi kwa wote tangu saa ya kwanza.

Mzee wa Hoja

Kijana, unautaja Umoja wa Mataifa kana kwamba hujauona ukifanya kazi. Vita vya hapahapa duniani, ambavyo watu wanaviona kwa macho, hawakubaliani hata jina la kuviita. Leo uwape swali la nyota? Watakaa miaka hamsini. Huku tajiri mmoja mwenye dishi amejibu siku ya tatu.

Mtazamanyota

Mzee wangu, shikamoo. Hii ndiyo hoja iliyoninyima usingizi kuliko zote, na sitaipita kwa maneno mepesi.

Kwanza nakubali kwamba historia iko upande wako. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Waziri Mkuu wa Grenada, Eric Gairy, aliuhimiza Umoja wa Mataifa uunde chombo cha kushughulikia vitu visivyotambulika angani na uwezekano wa viumbe wengine. Kisiwa kidogo, sauti moja. Desemba 1978 Baraza Kuu likapitisha uamuzi wa kuzialika nchi zichukue hatua zinazofaa zenyewe, Machi iliyofuata Gairy akapinduliwa, na jambo likafa. Mwaka 2010 zikaenea habari kwamba Mazlan Othman, mkuu wa ofisi ya Umoja wa Mataifa ya masuala ya anga, angeteuliwa kuwa balozi wa kuwapokea viumbe hao. Akakanusha mwenyewe. Mkataba wa Anga wa 1967 unazitaka nchi zimjulishe Katibu Mkuu shughuli zao za anga, lakini kuhusu kuitwa na wengine haujasema neno.

Lakini tazama upande wa pili. Huohuo mkataba wa 1967 ulitiwa saini na Marekani na Umoja wa Kisovyeti wakiwa wameelekezeana makombora. Masafa ya redio yanagawanywa kimataifa kupitia ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, chombo kilichoanza 1865 enzi za telegrafu, na hata nchi zinazopigana zinakaa katika mpango huo. Kwa nini? Kwa sababu bila mpango hakuna anayesikia kitu. Watu hawahitaji kupendana ili wakubaliane utaratibu. Wanahitaji kuona kwamba pasipo utaratibu wote wanapoteza.

Kwa hiyo siombi binadamu wote wakubaliane *maneno* ya kujibu. Hilo nami naliona haliwezekani. Naomba mambo mawili madogo. Daftari la wazi ambapo kila anayerusha ujumbe wa makusudi kwenda nyota nyingine anaandika ametuma nini, lini na wapi. Na kipindi cha kusubiri baada ya ishara kuthibitishwa, ambapo mitambo mikubwa yote inayoweza kujibu inakaa kimya. Mitambo yenye nguvu hiyo si mingi, inahesabika, na mingi ni ya umma. Arecibo yenyewe iliporomoka Desemba 2020. Tajiri wako anaweza kuvunja kipindi hicho, ni kweli. Lakini avunje kitu kilichoandikwa, jina lake likijulikana, kuliko leo ambapo akifanya hivyo atapigiwa makofi.

Mzee wa Hoja

Marahaba. Daftari nalikubali. Hilo la kusubiri bado nina shaka nalo.

Nahodha

Mimi naomba kuuliza jambo jingine. Tunajadili kujibu kana kwamba tutakuwa tumeelewa tulichoambiwa. Tutaelewa kweli?

Mtazamanyota

Swali zuri, na jibu langu ni kwamba inawezekana kabisa tusielewe. Yapo maandishi ya Kimeroe ya ufalme wa Kush, katika Sudan ya leo. Sauti za herufi zake zilifumbuliwa na Francis Llewellyn Griffith mwanzoni mwa karne ya 20. Tunaweza kuyasoma kwa sauti, lakini maneno mengi hatujui maana yake. Na waandishi walikuwa binadamu kama sisi, walikula, walizika, waliogopa mafuriko ya mto uleule. Drake naye, baada ya mkutano wa 1961 pale Green Bank, aliwatumia wanasayansi wenzake fumbo la nukta 551, picha iliyofichwa katika sifuri na moja. Waliokuwa wakitafakari jambo hilohilo kila siku! Ni mmoja tu, Bernard Oliver, aliyelifumbua.

Wanaotegemea hisabati wana haki, kwa sababu mbili na mbili ni nne hata huko. Nukta 1,679 za Arecibo zilichaguliwa kwa kuwa ni zao la namba tasa mbili, 23 na 73, ili mpokeaji agundue zinapangwa vipi. Lakini hisabati inakupa "tuna akili". Haikupi "tunataka nini". Kati ya hayo mawili pana bahari, na mimi nadhani tutaishi vizazi kadhaa ndani ya bahari hiyo, tukijua wapo bila kujua wanasemaje. Hilo lenyewe ni jambo la kujiandaa nalo kuliko vita vya angani.

Na tahadhari moja: wakituma kitu kinachofanana na programu au mchoro wa mtambo, tusikiwashe kwa sababu tu kinawashika. Mwaka 2018 watafiti Michael Hippke na John Learned waliandika kwamba ujumbe changamano hauwezi kusafishwa kwa uhakika kamili kabla ya kuufungua. Unasomwa, unachambuliwa kwa kalamu na karatasi inapowezekana, haujengwi.

Bint Hekima

Nimesoma yote, nimefikiri tangu jana. Kaka, umeongea kana kwamba wao ni ama hatari ama walimu. Je, kama ni wito wa kuomba msaada? Au ni kwaheri? Watu ambao jua lao linakufa, wakasema angalau mmoja ajue tulikuwepo. Nasi tukakaa kimya miaka mitano tukigombania utaratibu. Kunyamaza nako ni jibu. Mtu aliyeita akakosa kuitikiwa, anajua nini tofauti kati ya asiyesikia na aliyesikia akapuuza?

Mtazamanyota

Dada, nimesoma ujumbe wako nikafunga simu, nikarudi baadaye.

Sikuwa nimeliwaza hivyo. Ningeweza kukujibu kwa hesabu, kwamba kilio cha umbali wa miaka ya nuru 100 kina umri wa karne, na wa kuokolewa huenda hayupo tena. Ni kweli, ila haijibu ulichouliza. Umesema mtu anaweza kuita ili asikike tu.

Kwa hiyo narekebisha msimamo. Kipindi cha kusubiri kiwe na mwisho uliotajwa tangu mwanzo, si "mpaka tukubaliane", maana hiyo inaweza kuwa milele. Kikiisha bila makubaliano juu ya maneno, basi tutume kitu kimoja kilichokubaliwa kabla: ishara yao yenyewe, kama ilivyokuja, tuirudishe kwa masafa yaleyale, mara kadhaa. Haina picha zetu, haina anwani ya ziada, haina ahadi. Inasema tumesikia, basi. Nadhani hata Mzee wa Hoja na Nahodha wanaweza kuishi na hilo.

Mzee wa Hoja

Hilo sasa limekaa. Lakini baada ya hapo? Siku ya kusema zaidi itafika. Ungesema nini?

Mtazamanyota

Nisingependa liwe langu, mzee, lakini umeniuliza. Waliotengeneza sahani ya Voyager waliamua kuacha nje picha za vita, umaskini na maradhi. Nawaelewa, mgeni humwonyeshi vidonda siku ya kwanza. Mimi ningeogopa zaidi kumpa picha ya watu wasiokuwepo. Ningetaka wajue kwamba sisi ni wengi, lugha zetu ni maelfu, hatujakubaliana juu ya mambo mengi sana, likiwemo hili la kuwajibu, na kwamba ujumbe wanaousoma ulichelewa kwa sababu tulikuwa tunaulizana.

Nahodha

Swali la mwisho kutoka kwangu. Ule wa 2017 wa nyota ya Luyten unafika lini?

Mtazamanyota

Mwaka 2030, mkuu, mwanzoni mwanzoni. Kama kuna mtu pale na akaitika siku hiyohiyo, tutamsikia kuanzia 2042. Mwingine uliotumwa 2008 kwenda nyota ya Gliese 581 unafika 2029. Daftari halipo bado, hizi tarehe nimezikokotoa mwenyewe kutokana na umbali.